Kapteni Ayalneh Ageuza Kikombe: Miaka Thelathini Kasoro Safari Moja

Kapteni Ayalneh Wubshet ameitumikia Menagesha Air kwa miaka thelathini kasoro safari moja. Anastaafu leo, tarehe 30 ya mwezi wa Sene, mwaka 2016 kwa kalenda yetu ya Kihabeshi, akiwa ametimiza miaka sitini na mitano, umri ambao sheria haimruhusu rubani wa abiria kuuvuka, hata awe na macho ya tai na barua ya daktari.

Hiyo safari moja iliyopungua ni ya juzi Ijumaa, ya kwenda Jimma. Tangu juzi kila idara ina namna yake ya kuisimulia. Karakana wanasema alizimia. Wa mizigo wanasema aligombana na mkurugenzi. Mhariri wa jarida letu ameniomba niiandike kama ilivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu mimi wa ratiba za zamu ndiye niliyeipunguza. Nitafika huko. Kwanza tumweleze mtu mwenyewe, kwa sababu siku ile haieleweki bila miaka iliyotangulia.

Alizaliwa Debre Markos. Kazi yake ya kwanza angani ilikuwa kunyunyizia dawa mashamba ya pamba ya bonde la Awash, kazi ambayo anasema ilimfundisha mambo mawili: kuruka chini chini, na kuvumilia kunuka. Alijiunga nasi mwaka 1986 kwa kalenda yetu kama rubani msaidizi, wakati kampuni ilikuwa na ndege mbili, ngazi moja ya abiria na mwavuli mmoja. Ngazi ikiwa Gode, abiria wa Gambela walishuka kwa kurukia mikononi mwa mafundi. Yeye ni mtu mnene, na mafundi wa siku hizo wakimwona mlangoni walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi mahali pengine.

Ndani ya ndege tulimwita Kapteni. Akishuka tu anakuwa Gashe Ayalneh, kama tunavyowaita wakubwa wetu wote, na hapo unaruhusiwa kumtania, ila ujiandae kujibiwa. Ripoti zake za safari anaziandika kwa mkono na anakiri kila kitu. Iko moja kwenye faili iliyoandikwa hivi: "Tulitua salama. Kabla ya kuruka nilimjibu mke wangu vibaya kwenye simu. Mawazo yalikuwa huko mpaka mto Gibe." Mkurugenzi wa wakati ule aliuliza mambo ya mke yanaingiaje kwenye ripoti ya ndege. Gashe akamwambia, "Yalishaingia kwenye ndege, mheshimiwa. Mimi nimeyaandika tu."

Sasa habari ya Jimma, ambayo wapya wengi wameisikia nusu nusu.

Mwaka 1987, Gashe akiwa bado rubani msaidizi, alipangiwa safari ya Jimma pamoja na marehemu Kapteni Demissie, mtu aliyeheshimika sana, aliyesomea ng'ambo. Karani wa zamu aliandika kwamba wafike uwanjani saa 2, akimaanisha saa mbili asubuhi, kama anavyohesabu kila Mhabeshi aliyezaliwa hapa. Lakini Kapteni Demissie alikuwa amezoea saa za viwanja vya ndege, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, na kwake saa 2 ni saa nane ya usiku. Akafika saa nane ya usiku. Geti limefungwa, mlinzi amelala. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Lakini Kapteni mzima atamwambia mkewe kwamba amekosea saa? Akaketi kwenye benchi na koti lake, saa sita nzima, mgongo umenyooka, akisubiri kuche.

Gashe alifika saa mbili asubuhi, amelala vya kutosha, amekunywa chai, na akamwona mkubwa wake ana macho mekundu kama pilipili. Hakusema kitu. Nani angemwambia Kapteni Demissie amechoka? Angani akaona kichwa cha mkubwa kinainama, kinainuka, kinainama. Hakusema kitu. Walipokaribia Jimma, akaona pua ya ndege inaelekea kwenye ukanda mrefu wa kijani ulio hatua mia chache kabla ya njia ya kutua. Hapo ndipo aliposema. Alisema hivi, kwa adabu zote alizofunzwa kwao:

"Kapteni, malisho ya huku ni mazuri sana."

Kapteni Demissie akajibu, "Naam. Mvua imenyesha vizuri." Akatua humo humo malishoni.

Hakuumia mtu. Magurudumu yalizama kwenye tope mpaka nusu, mizigo ilichanganyika, na abiria mmoja alishuka ameshika jogoo ambaye hakupanda naye. Mama mwenye ng'ombe alikuja akasimama chini ya dirisha la marubani, akawatazama kwa huruma, akawaambia, "Wanangu, uwanja uko kule."

Gashe akisimulia hapa watu wanacheka, na yeye huwaacha wacheke. Kisha anasema, "Pangekuwa na kiwanda pale badala ya malisho, leo msingekuwa na wa kumcheka. Na mimi ndiye niliyekuwa nimelala usingizi mzima. Yule mzee alikosea kwa uchovu. Mimi nilikosea kwa heshima."

Kutokana na siku ile ndipo ilipozaliwa kanuni yetu ya kahawa. Alipopewa ukuu wa mafunzo mwaka 1997, alimleta Etiye Tsige, mama wa kahawa, na jiko lake nyuma ya ofisi za marubani, akaagiza kwamba hakuna ndege itakayoruka kwa safari ya kwanza ya siku kabla wote hawajaketi kwa vikombe vitatu, kama tunavyokunywa nyumbani. Ila nyumbani mkubwa husema kwanza. Hapa aligeuza. Kikombe cha kwanza anasema aliye mdogo kuliko wote walioketi kunywa. Cha pili wanafuata wengine. Kapteni anasubiri cha tatu. Maswali ni matatu, yako ukutani mpaka leo: umelala kiasi gani, umekula nini, nani amekuudhi nyumbani. Na aliyeambiwa amechoka hajitetei. Anageuza kikombe chake juu ya kisahani, anakwenda nyumbani, na halipo jicho la kumtazama vibaya.

Wakubwa walikataa. Kapteni mmoja aliuliza mbele ya kikao, "Kwa hiyo mhudumu aliyezaliwa juzi ndiye atakayenipangia usingizi?"

"Ndiyo, kaka yangu," Gashe akasema. "Ukianguka, na yeye anaanguka. Kwenye kuanguka hana uchanga."

Darasa lake kwa wageni wa kazi ni la siku moja, na asubuhi yote ni kicheko. Mchana anafunga mlango na kusoma ajali za zamani, na hapo hataki mtu acheke. Anaeleza ile ya mwaka 1977 kwa kalenda ya nje, ndege mbili kubwa zilizogongana kwenye ukungu kisiwani, watu mia tano themanini na watatu. Saa za kazi za marubani wale zilikuwa zinakaribia kwisha kisheria, na aliyeanza kukimbiza ndege kabla ya kuruhusiwa alikuwa mwalimu wa wenzake, mtu mwenye jina. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkato kwamba imetoka. Hakuuliza mara ya pili. Gashe hurudia mara mbili maneno hayo, "hakuuliza mara ya pili." Anaeleza pia ile ndege ya mizigo ya 1993 kwa kalenda hiyo hiyo, ambayo kapteni wake alikuwa macho karibu siku nzima na usiku wake, akawa anatafuta taa moja tu mbele yake huku wenzake wakimwambia mwendo unapungua. Wote watatu walipona, na yule kapteni aliwaambia wachunguzi wazi kwamba alifika mahali pa kutojali tena. Gashe anampenda sana mtu huyo ambaye hajawahi kumwona. Anasema, "Alisema ukweli mbele ya watu. Hiyo ni safari ngumu kuliko zote."

Kwa miaka kumi na tisa vikombe vimegeuzwa, na hakuna abiria wetu hata mmoja aliyeumia. Amegeuziwa kapteni aliyeoa wiki ile. Amegeuziwa mkwe wa mkurugenzi. Siku hizi hata mafundi wakigombana na wake zao wanasema, "Leo nimegeuziwa kikombe."

Mimi pia nimegeuziwa. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi, mtoto wangu alikuwa hajui tofauti ya mchana na usiku, na mimi nikawa sijui tofauti ya Gode na Axum. Nilitoa ratiba iliyompanga Gashe sehemu zote mbili kwa saa ile ile. Ofisi nyingine ningepewa barua ya onyo. Yeye alikuja na karatasi mkononi, akaketi kwenye kona ya meza yangu, meza ikalia.

"Emebet, binti yangu. Mimi ni mnene, lakini sitoshi ndege mbili."

Nilianza kulia. Akaniletea kikombe kutoka kwa Etiye Tsige, tupu, akakigeuza yeye mwenyewe mbele yangu. Akanirudisha nyumbani siku mbili. Kabla sijafika, alikuwa ameshampigia mume wangu simu. Mume wangu ananiambia aliulizwa swali moja tu: "Huyo mtoto ana baba, au aliletwa na posta?" Tangu siku ile mume wangu anaamka zamu yake, na akiamka ananung'unika jina la Kapteni Ayalneh.

Kwa hiyo mjue nilikuwa nani asubuhi ya Ijumaa, na nani alikuwa amekaa mbele yangu.

Safari ya Jimma aliichagua mwenyewe miezi sita kabla. Alitaka magurudumu ya mwisho ya maisha yake yaguse pale. Alishatua Jimma mara nyingi, lakini alisema hizo zilikuwa za kampuni, na hii ingekuwa yake na Kapteni Demissie. Jimma walikuwa tayari, gari la zimamoto la kuimwagia ndege maji kama anavyoagwa rubani, maua, asali. Na ndugu zake kumi na mmoja walishuka kutoka Debre Markos Alhamisi mchana ili wapande ndege ya mwisho ya mtoto wao.

Kumi na mmoja, kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Zenebech, mkewe, amenieleza baadaye. Gashe aliwaachia wageni vitanda vyote, akakaa kwenye kiti jikoni. Saa tisa ya usiku mjomba mmoja alianza kusoma Zaburi kwa sauti, kama afanyavyo kwao, na hakuna anayemnyamazisha mtu anayesoma Zaburi. Na kwa kuwa tuko kwenye mfungo wa Mitume, Gashe hakuwa ameweka kitu tumboni tangu Alhamisi jioni.

Nilipeleka fomu ya kusaini na maua ya ofisi yetu. Walikuwa wameketi kwa kikombe cha kwanza: Gashe, Kaleab, rubani wake msaidizi, na Senait, mhudumu. Nilitaka kuweka maua niondoke. Etiye Tsige akaniangalia.

"Kaa unywe, mwanangu. Umekaa kama nguo iliyoanuliwa haijakauka."

Nikakaa. Hapo ndipo Senait aliposhusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, na mimi bado sikuelewa. Ukiwa na mtoto wa miezi tisa unajiona una miaka hamsini. Nina ishirini na sita. Senait ana ishirini na minane. Nilikuwa mdogo kuliko wote walioketi kunywa.

Gashe alikuwa amependeza, sare imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe. Alitia sukari. Akazungumza kidogo, akatia sukari tena. Akamuuliza Kaleab goti la mama yake linaendeleaje, akajibiwa linaendelea vizuri, akakoroga, akamuuliza goti la mama yake linaendeleaje. Akasaini fomu yangu, na kwenye tarehe akaandika 28 Sene 1986. Kisha akasema, "Gashe Demissie, nipe hiyo karatasi ya hali ya hewa."

Na Kaleab akaitika. Akampa karatasi. Alikubali kuitwa jina la marehemu kuliko kumwambia Kapteni wake kwamba amekosea.

Nikamtazama Senait. Senait akatazama maua. Akasema, "Gashe, leo umependeza sana."

Ndipo nikasikia. Ilikuwa sauti ile ile ya malisho ya huku ni mazuri. Kila mtu pale alikuwa anaona, na kila mtu alikuwa anasifia nyasi.

Nikasema, "Gashe, umechoka."

Etiye Tsige alishika jebena, birika lake la kahawa, hewani bila kumimina. Senait akanong'ona, "Emebet, leo ni siku yake."

"Najua," nikasema. "Ametufundisha siku zote. Hakutufundisha siku zote isipokuwa Ijumaa."

Gashe aliweka kijiko chini. "Kanuni ni ya watu wa ndege," akasema. "Wewe ni mtu wa karatasi."

"Kanuni inasema walioketi kunywa. Iko nyuma ya kichwa chako, mwandiko wako."

Hakugeuka kuitazama. "Ni dakika hamsini tu, binti yangu. Jimma hii nimeingoja miaka ishirini na tisa."

Nilitamani aninyamazishe kama kapteni wa kawaida. Angenifokea ningejua la kufanya, lakini aliniomba, na mtu aliyenirudisha nyumbani kulala hajawahi kuniomba kitu kingine. Nikakumbuka darasa la mchana, yule mhandisi. Nikasema mara ya pili.

"Umelala kiasi gani, Gashe? Umekula nini? Nyuma yako watakaa ndugu zako kumi na mmoja."

Alivuta kikombe karibu. Akanywa kahawa yake, akakunja uso kwa ile sukari, akaimaliza. Akageuza kikombe juu ya kisahani taratibu, akakisawazisha kwa kidole kikae katikati.

"Na nani amekuudhi nyumbani?" Etiye Tsige akauliza, kwa kuwa swali la tatu lilibaki.

"Mfalme Daudi," Gashe akasema. "Mpigieni Meaza."

Kapteni Meaza, mwanafunzi wake mwenyewe, alikuwa zamu ya akiba. Alifika baada ya nusu saa, akaketi, akanywa, akajibu maswali yote matatu, na alipoambiwa anakwenda kuchukua kiti cha nani akataka kukataa. Gashe akamwambia, "Ukikataa nakwambia na wewe umechoka, na hapo tutatembea kwa miguu mpaka Jimma." Nje, shangazi yake alipomwona anapanda kwa ngazi ya abiria, aliuliza kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, "Ayalneh, wamekufukuza?"

"Hapana, shangazi. Wameniambia nikalale."

Yaliyobaki ninayo kutoka kwa Senait. Gashe alikaa kiti cha 9C katikati ya shangazi wawili, akalala kabla mlango haujafungwa. Meaza alitangaza sifa zake angani, miaka thelathini, wanafunzi wote aliowafundisha, abiria wakapiga makofi, yeye anakoroma. Jimma gari la zimamoto likamwaga maji mpaka madirisha yote yakawa mito, yeye anakoroma. Watu walikuwa wamesimama chini na maua. Ikabidi Senait amtikise bega.

Alifungua jicho moja. "Tumetua?"

"Tumetua, Gashe."

"Malishoni au uwanjani?"

"Uwanjani. Katikati kabisa ya mstari."

Akatazama nje kupitia yale maji, upande ule wa nyasi, kitambo kizuri. "Basi," akasema. "Ndivyo nilivyotaka." Akamwamsha shangazi wa kulia, ambaye naye alikuwa amelala begani mwake.

Jana Jumamosi aliingia ofisini kwangu na fomu ya kugeuziwa kikombe. Kumbe yeye humjazia kila anayegeuziwa, na hakutaka kuondoka bila kujaza ya kwake. Iko mbele yangu ninapoandika. Chanzo cha uchovu: ndugu kumi na mmoja, wapendwa. Aliyesema: Emebet Shiferaw, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Aliyenyamaza: Kaleab na Senait, warudie darasa. Hatua ya kuchukuliwa: Emebet apewe siku moja alale, mumewe ameshaarifiwa.

Gashe Ayalneh, tunakushukuru kwa kila asubuhi uliyotukalisha chini kabla ya kuturuhusu kupaa. Kikombe chako cha Ijumaa Etiye Tsige hakukiosha. Amekiweka kwenye rafu chini ya maswali matatu, kimegeuzwa hivyo hivyo, ili kapteni yeyote atakayesema yeye hageuziwi akione kwanza. Tunakutakia wewe na Zenebech nyumba yenye wageni wachache, mvua nzuri Debre Markos, na usingizi ambao hautaandikiwa ripoti.

Hiyo siku yangu moja naichukua kesho. Wenye maswali ya ratiba, tafadhalini, msinipigie.

Emebet Shiferaw
Idara ya Ratiba za Zamu